Mama Njogu na Watu wa Ndoo

Miaka kumi na mmoja Teresiah alifanya kazi katika kiwanda cha ngozi Industrial Area, penye mashimo ya chokaa ambamo ngozi mbichi ziliroweshwa hadi manyoya yakabambuka yenyewe. Kila jioni alijisugua kwa sabuni ya kipande na ndimu, na bado Jumapili kanisani watu walijibanza mwisho wa benchi wakamwachia nafasi ya kutosha watu watatu. Mumewe, Mungu amrehemu, alimtania kwamba hata mbu wa mtaa wao wa Reuben walimruka yeye wakaenda kumuuma jirani. Kwa hiyo mvua kubwa za El Nino zilipofurisha vyoo hadi vyumbani, na kipindupindu kikaingia Mukuru kwa Reuben, Teresiah hakuwa mtu wa kutishwa na harufu.

Mlango wa tatu kutoka kwake alikuwepo mama mmoja muuza samaki, ambaye alilala siku mbili juu ya uchafu wake mwenyewe. Watu walipita wameziba pua kwa leso. Teresiah alisikia habari hizo akaguna, akaendelea na shughuli zake, maana naye alikuwa na mtoto mdogo, Njogu, na aliogopa kama wengine. Kisha asubuhi moja akamwona jirani wa mlango wa pili akimwaga majivu kwenye kizingiti cha yule mgonjwa, ili uchafu usivuke upande wake. Alimwaga kwa uangalifu, akirudi nyuma hatua kwa hatua, kama mtu anayezuia siafu. Teresiah akashikwa na kinyaa ambacho yale mashimo ya ngozi hayakuwahi kumtia. Akachukua ndoo yake, akayaruka majivu, akaingia.

Yule mama alipona. Wengine walifuata, na si wote waliopona. Fundi wa mabati aliyeitwa Munyoki, Mkamba mmoja mfupi asiyependa maneno, alipoona Teresiah anavyohangaika kuinua wagonjwa, alikata tundu katikati ya kitanda cha mbao ili ndoo ikae chini yake. Kufikia jioni ya siku ya pili alikuwa ametengeneza vitanda vitano vya namna hiyo. Wa tatu alikuwa Saado, mwanamke mfanyabiashara wa Kisomali kutoka Tena, aliyekuwa akiuza ndoo na mabeseni kwa jumla. Alikuja Reuben kupeleka mzigo dukani, akaona kinachoendelea, akauacha mzigo wote pale. Kesho yake akarudi na dawa ya kutia kwenye maji. Jamaa zake walimcheka, wakamuuliza kama ameanza kazi ya uchura, maana mashuleni mfanya usafi wa vyoo alikuwa akiitwa chura. Saado alikunja mikono ya dera lake, akainama.

Hivyo ndivyo walivyoanza watu wa ndoo. Hawakuwa na jina jingine. Kipindupindu kilipokwisha, walibaki wale ambao ugonjwa wao hauishi: wenye ukimwi waliofungiwa vyumbani na ndugu zao, wazee walioachwa, akina mama waliopooza. Walizibua mitaro Kware, wakaogesha wagonjwa Tena, na watu wa Kayole na Dandora walipoomba kufundishwa, wakafundishwa. Mikutano yao ilifanyika katika stoo ya Saado, katikati ya mabeseni yaliyopangwa hadi darini. Sheria iliyowekwa na Munyoki ilikuwa moja tu: ulichokiona ndani ya mlango wa mtu si chako. Hukitoi nje, hukisimulii, hata kwa nia njema.

Miaka ishirini na zaidi ilikwenda hivyo. Kisha, mwaka wa korona, akaja Muturi.

Si haki kusema Muturi alikuja na nia mbaya. Alikuwa wakala wa bima kutoka Umoja, mtu wa shati safi na sauti tamu, na mamake mzazi alikuwa ameogeshwa na watu wa ndoo hadi siku aliyokata roho. Mazikoni alilia, akaapa kulipa fadhila. Na kweli alilipa. Aliwaandikisha rasmi, wakawa Shirika la Wahudumu wa Mashariki. Alipata glavu, ambazo Teresiah aliziota miaka yote, na viti vya magurudumu, na nepi za watu wazima. Akachaguliwa mwenyekiti, na hakuna aliyepinga. Zikaja fulana za rangi ya machungwa. Baada ya fulana zikaja kamera.

Siku Muturi alipotangaza kwamba kila anayehudumiwa apigwe picha "kabla na baada", Munyoki alivua fulana yake pale pale mkutanoni, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza.

"Mimi nimenusa," alisema. "Nyinyi bakini."

Akatoka na singlendi yake ya ndani tu. Teresiah alimfuata nje akamwambia anakuwa mkaidi, kwamba mtu hawezi kuosha vidonda kwa mikono mitupu eti kwa sababu ya fahari. Munyoki akaenda zake. Tangu siku hiyo hawakusemezana, karibu miaka mitatu.

Teresiah alibaki, na alifanya zaidi ya kubaki. Wakati mmoja, katika ploti moja ya vyumba vya kupanga huko Pipeline, alimwinua bibi mmoja mgonjwa kutoka kitandani hadi kitini. Msichana wa picha akamwomba amrudishe kitandani amwinue tena kwa sababu mwanga haukuwa mzuri. Teresiah akamrudisha, akamwinua tena. Yule bibi aliguna mara ya kwanza. Mara ya pili hakuguna, alifumba macho tu. Picha ilitoka nzuri. Iliwekwa kwenye kalenda, na Njogu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye familia yake Thika, aliitundika sebuleni kwake. Kila Teresiah alipomtembelea mwanawe, alikaa kiti kinachoipa kalenda ile mgongo.

*

Mzee Wandera aliishi Kware, ghorofa ya nne, chumba kimoja kinachotazama ukuta wa ploti nyingine. Kazi yake maishani ilikuwa kupiga pasi katika duka kubwa la dobi, na alijivunia kwamba mabwana wengi wa mjini walioa na kuzikwa katika suti alizozinyoosha yeye. Kiharusi kilimwangusha miaka minne iliyopita, kikachukua upande wote wa kulia na nusu ya ulimi. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake aliolewa Busia, akipiga simu Jumapili.

Mara ya kwanza Teresiah alipokuja na beseni, mzee alikataa katakata. Haikuwa desturi, mwanamke asiye wake kumwogesha, tena mwenye umri wa kuwa dada yake. Walibishana nusu saa. Mwishoni mzee akatoa masharti: afunikwe shuka, Teresiah aoshe chini ya shuka bila kufunua, na wakati wote wazungumze habari nyingine. Kwa hiyo kila Jumanne na Ijumaa, mikono ya Teresiah ikifanya kazi gizani chini ya shuka, mzee alimfundisha kupiga pasi. Namna ya kunyunyizia maji kitambaa cha kitani. Kwa nini kola huanzwa nchani. Akimaliza kumvisha, sharti kola ikae sawa, la sivyo mzee alinyoosha mkono wake mzima akamwonyesha kwa kidole palipokunjamana.

Kidonda cha mgongoni, kile kinachotokana na kulala upande mmoja, kilimchukua Teresiah miezi saba kukifunga. Alikitunza kama mtu anayetunza kitalu.

Alhamisi moja ya mwezi wa tisa, Shirleen alimpigia simu. Shirleen ndiye aliyeshika mambo ya picha na habari za shirika, msichana wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa Kware hiyo hiyo, aliyezoea kumwita shosho, yaani bibi.

"Sasa shosho. Uko poa?"

"Niko salama, mama."

"Kesho usijisumbue kwa Mzee Wandera. Kuna vijana tumewafunza, wataenda wao. Wewe pumzika. Jumanne wale wageni wa ng'ambo wanaotaka kutufadhili wanakuja, tutakuhitaji ukiwa na nguvu."

Teresiah alishukuru. Alifurahi, tusifiche. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na ghorofa nne si mchezo. Ijumaa akaenda Kandara kwa dada yake, akala githeri ya mahindi mabichi, akalala huko siku tatu, usingizi mnono. Baadaye usingizi ule ulimuuma kuliko magoti.

Jumanne aliambiwa awe chini ya ploti saa nne kamili, amevaa fulana ya machungwa. Alienda saa mbili unusu na wembe mfukoni, akitaka wageni wamkute mzee amenyolewa ndevu. Alipofika ghorofa ya tatu alisimama. Harufu ile aliijua. Akadhani bomba limepasuka.

Jirani wa mzee, mama mmoja ambaye humpa uji asubuhi na kumbadilishia shuka, alikuwa anaanika nguo kwenye korido. Alipomwona Teresiah alishusha pumzi.

"Afadhali umekuja. Hao madaktari wanafika saa ngapi?"

"Madaktari gani?"

"Si wale wa kuja kumpima. Yule msichana wenu wa simu kubwa alikuja Jumamosi, akasema asibadilishwe chochote mpaka Jumanne. Eti madaktari wanataka kumwona vile alivyo. Nikamwambia mzee amejichafua, akasema ni sawa, ndiyo inavyotakiwa." Mama yule alipunguza sauti. "Nimekuwa nikimpa uji nikiwa nimefunga leso puani. Mungu anisamehe."

"Ijumaa alikuja nani?"

"Ijumaa hakuja mtu."

Teresiah alisukuma mlango.

Aliyoyaona mle ndani yanatosha kusemwa kwa ufupi, kwa kuwa sheria ya Munyoki ni sheria. Tuseme kwamba nzi hawakuruka alipoingia. Walikuwa wameshiba. Tuseme pia kwamba shuka ilikuwa imegandamana na mgongo wa mzee, na kwamba ile miezi saba yote ilikuwa imerudi sifuri.

Mzee Wandera alikuwa amegeuza uso ukutani.

"Mama Njogu," alisema kwa ule ulimi wake nusu, "nilidhani umekufa."

Teresiah amwambie alikuwa Kandara akila githeri? Amwambie alilala vizuri? Alivua fulana ya machungwa akabaki na blauzi, akaitumia fulana kufunga mlango usijifungue, akawasha jiko. Yule mama wa uji alileta mitungi miwili ya maji bila kuombwa. Teresiah alitia chumvi kwenye maji ya vuguvugu, akaanza kuilowesha ile shuka mahali iliposhikana na nyama, pole pole, kidole kwa kidole. Mzee hakulia. Hakuzungumza habari za pasi pia.

Alikuwa hajafika nusu ya kazi aliposikia viatu vingi vikipanda ngazi, na sauti tamu ya Muturi ikieleza kwa Kiingereza historia ya watu wa ndoo. Wakagonga.

"Mama, ni sisi," Muturi aliita. "Ulitakiwa utungoje chini."

"Naogesha mtu."

Muturi akasogeza mdomo kwenye ufa wa mlango, akasema kwa sauti ya chini, ya kubembeleza:

"Usimwogeshe bado, Mama. Tafadhali. Dakika tano tu, waone kwanza, halafu utaendelea."

Teresiah ameyasikia mengi katika miaka yake sitini na moja. Amesikia watoto wakiuliza kama mama yao atakufa kabla ya mwisho wa mwezi ili wahame chumba. Lakini maneno yale, yaliyosemwa kwa adabu hivyo, na neno tafadhali ndani yake, hakuwahi kuyasikia popote. Alimfunika mzee hadi shingoni kwa shuka safi. Akabeba ndoo, na ndani ya ndoo ilikuwamo ile shuka chafu na maji yote aliyokwisha kuosha nayo. Akafungua mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake, akaiweka ndoo sakafuni mbele ya viatu vya Muturi.

Korido ilikuwa nyembamba. Walikuwepo wageni wanne, Shirleen na simu yake kubwa, na Saado, aliyeletwa kama mwanzilishi wa kuonyeshwa. Wote walirudi nyuma mpaka wakakanyagana.

"Mlikuja kuona uchafu," Teresiah alisema. "Ndio huu. Pigeni picha. Mwenyewe yuko ndani anaoga, na mlango wake umefungwa."

Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo mwenye nywele nyeupe, alimuuliza Muturi yule mama anasema nini. Muturi alitabasamu, akajibu kwamba anawakaribisha sana, ila anaomba radhi kwamba chumba ni kidogo.

Saado, ambaye amefanya biashara na Dubai miaka thelathini, Kiingereza anakijua. Alimsogelea yule mwanamke, akamweleza neno kwa neno alichosema Teresiah. Kisha akamuuliza Teresiah, "Mama Njogu, kumetokea nini?" na alipojibiwa, akatafsiri hilo nalo: tangu Ijumaa, kwa makusudi, kwa ajili yenu. Yule mwanamke alitazama ndoo. Alimtazama Muturi. Aliweka mkono mdomoni, akashuka ngazi bila kusema neno, na wenzake wakamfuata.

"Umetuua, Mama," alisema Muturi, jasho likimtiririka. "Umeua wazee mia mbili kwa ajili ya mmoja."

Akawakimbilia wageni. Shirleen alibaki, ameegemea ukuta, analia.

"Shosho, unadhani mimi napenda?" alisema. "Picha safi haisaidii mtu. Nishatuma za wazee wameoga, wamevaa vizuri, hakuna mtu alijibu. Nikatuma moja ya mzee amelala kwa uchafu, tukapata glavu za mwaka mzima. Hizo glavu umevaa ni za hiyo picha."

Teresiah aliitazama mikono yake. Glavu zilikuwa nyeupe alipozivaa.

"Ya Jumamosi uliipiga?"

Shirleen aliinamia simu.

"Ifute."

Msichana aliifuta mbele yake. Teresiah, ambaye hajui sana mambo ya simu, aliamini kwamba kilichofutwa kimefutika. Akaokota ndoo akarudi ndani, na Saado akaingia naye, akashika upande wa pili wa shuka.

*

Wiki tano baadaye shirika liliandaa chakula cha mchana katika ukumbi mmoja huko Tena, kuadhimisha historia yake. Teresiah hakutaka kwenda. Saado alimwambia, "Twende tuwaambie mbele ya watu. Tukikaa nyumbani watasema tumezeeka." Kwa hiyo walienda, wakakalishwa meza ya mbele yenye kitambaa cha satini na maua ya plastiki. Wahudumu kutoka mitaa yote walikuwepo, karibu mia tatu, wengi wao watu safi wanaoogesha wagonjwa kila wiki wasijue lolote. Pilau ikaletwa, na kuku, na kachumbari.

Muturi alisimama akaanza kusimulia. Alisimulia vizuri, mtu asiyejua angelia. Nyuma yake picha zilipita ukutani kutoka kwenye projekta: mafuriko ya zamani, vitanda vya Munyoki, stoo ya mabeseni. Jina la Munyoki halikutajwa. Kisha sauti ya Muturi ikashuka, akasema, "Na hii ndiyo hali tuliyoikuta mwaka huu, katika mlango mmoja tu wa Kware."

Mzee Wandera akatokea ukutani, mrefu kama mlango wa kanisa.

Hakuwa na shuka. Uso wake ulionekana wote, akijitahidi kuugeuzia ukutani asijue pa kuuweka, na kola ya shati lake, nguo pekee mwilini, ilikuwa imekunjamana. Picha ile ilipigwa siku ya Jumamosi. Ilikuwa imetumwa kabla ya kufutwa.

Watu walisema "aii" kwa huruma. Kisha, kwa sababu chakula kilikuwa moto, wakaendelea kula. Hilo ndilo Teresiah alilolikumbuka baadaye kuliko yote: vijiko. Alisikia vijiko mia tatu vikigonga sahani huku mzee akiwa uchi juu ya vichwa vyao. Jirani yake mezani, mchungaji mmoja, alitikisa kichwa kwa masikitiko na kunyonya mfupa. Kipande cha kuku kilikuwa mdomoni mwa Teresiah. Alijaribu kukimeza kikakataa. Akakitema kwenye kiganja, mbele ya watu, akakiweka juu ya kitambaa cha satini.

Alitembea hadi kwenye projekta akang'oa waya.

Wengine walidhani umeme umepotea, wakacheka kama ilivyo kawaida. Saado akasimama juu ya kiti, mwanamke wa miaka sitini na sita na uzito wake, akasema kwa sauti ya sokoni: "Stima ipo. Kaeni mmsikilize."

Teresiah hakuwa mtu wa hotuba. Aliwaambia mzee yule anaitwa nani na alikuwa akifanya kazi gani. Aliwaambia aliachwa wiki nzima bila kuoshwa ili picha ile ipatikane, na nani aliyeagiza. Akawaambia kwamba naye pia amewahi kumrudisha bibi mgonjwa kitandani ili amwinue mara ya pili kwa ajili ya kamera, kwa hivyo wasidhani anasema kama mtu msafi. "Nilifanya kazi ya ngozi," alisema. "Kule ng'ombe alikufa kwanza ndipo akachunwa ngozi."

Wengine waliweka vijiko chini. Wengine, tusidanganyane, hawakuweka. Muturi alikuja kumshika mkono kwa upole, akiambia ukumbi kwamba mama yetu amechoka, ana kazi nyingi, tumwombee. Na mchungaji akasimama kuomba. Teresiah na Saado walitoka wakati watu wamefumba macho.

Barua ya kumsimamisha ilikuja baada ya wiki, yenye nembo, ikimshukuru kwa mchango wake. Wahudumu kumi na wawili wa Kware walijitoa. Mia mbili na zaidi walibaki, wengine kwa sababu hawakuamini, wengine kwa sababu wagonjwa wao walihitaji nepi, na Teresiah hakuweza kuwalaumu hawa wa mwisho, jambo ambalo lilimkera zaidi. Wale wageni wanne hawakurudi. Walikuja wengine. Mwezi uliofuata Muturi alihojiwa redioni kuhusu utu wa wazee, na Teresiah, aliyekuwa akimenya viazi, alinyanyuka na mikono yake yenye maganda akazima redio kwa kiwiko.

*

Ilibidi Mzee Wandera aambiwe. Saado alishauri anyamaze, lakini Teresiah aliona kwamba mtu ambaye ameonekana na watu mia tatu ana haki ya kujua. Alimwambia Ijumaa, akiwa anamkausha miguu.

Mzee aligeuza uso ukutani.

"Uso ulionekana?"

"Ulionekana."

"Walikuwa wanafanya nini?"

Teresiah alifikiri kudanganya. "Walikuwa wanakula."

"Wanakula nini?"

"Pilau. Na kuku."

Mzee alivuta shuka kwa mkono wake mzima hadi kidevuni. "Asante, Mama Njogu," alisema. "Sasa nenda. Na usirudi kunishika tena, wewe wala mwanamke mwingine."

Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomfanya Teresiah ashindwe kushuka ngazi. Alikaa kwenye ngazi ya tatu robo saa nzima. Alirudi Jumanne, mzee akakataa mlango ufunguliwe. Akarudi Ijumaa, akakataa. Mama wa uji alisema anakubali uji tu, na harufu imeanza tena.

Basi Teresiah akaenda Reuben, kwenye kibanda cha mabati, alikojua angemkuta Munyoki. Alikuwa amekonda, nyundo mkononi, anakunja mdomo wa karai. Hakuinua kichwa.

"Ulinusa mapema," Teresiah alisema. "Mimi pua yangu niliiacha kiwandani. Nilikuita mkaidi, na nimekuja kukuambia nilikosea."

Nyundo iligonga mara tatu nne.

"Nilisikia ulitema kuku," alisema Munyoki.

"Nilitema."

"Mbele ya mchungaji."

"Mbele yake kabisa."

Munyoki aliweka nyundo chini. Hakucheka, lakini alitafuta shati lake. Teresiah alimweleza habari ya mzee njiani, na masharti yake yote, ya shuka na ya kuzungumza mambo mengine.

Walifika Kware saa tisa. Munyoki alibisha, akajitaja jina na kazi, akasema ni mwanamume, na kwamba hana simu ya picha, ana ya kubonyeza tu. Baada ya muda mlango ukafunguliwa na mama wa uji, Munyoki akaingia na beseni, na mlango ukafungwa. Teresiah alibaki koridoni na shuka safi mkononi. Mle ndani alisikia maji, kisha sauti ya Munyoki, ambaye hapendi maneno, akiuliza eti ni kweli suruali ya sufu haipigwi pasi kavu. Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa refu.

Wapangaji walipita na mitungi yao, wakibana pua kidogo, na Teresiah aliwapisha. Moyo wake haukuwa umesafika. Kila akifumba macho alisikia vile vijiko.

Ndani, mzee alikatiza maelezo yake, akauliza, "Nani huyo amesimama nje?"

"Mama Njogu," alijibu Munyoki.

Beseni likasogezwa.

"Mwambie maji haya ni baridi," alisema Mzee Wandera.

Teresiah aliweka shuka begani, akaenda kwa jirani kuomba jiko.